Usugu wa dawa unapohamia ndani ya kirusi

Wafugaji wa kuku wa Uyole hutuuliza sana hapa maabara: usugu wa dawa unatokaje kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine? Jibu lililozoeleka ni plazimidi, yaani DNA ya mviringo inayoishi nje ya kromosomu ya bakteria, mara nyingi ikiwa na jeni za kushinda dawa. Nyingi huhama bakteria wawili wakigusana. Kwangu mimi, ninayeshughulika na virusi vya bakteria, jibu hilo halitoshi.

Chukua kirusi P1 cha E. coli, bakteria wa utumbo, kinachojulikana tangu 1951. Kikiingia kwenye seli, huweza kuzaliana na kuipasua. Ukiinua sahani ya agari, yaani ute mgumu tunaooteshea bakteria, dhidi ya mwanga wa dirisha, utaona vitobo vidogo kwenye utando wa bakteria. Vina ukungu kidogo, kwa sababu humo ndani wamebaki bakteria walioambukizwa wakanusurika. Ndani yao P1 ametulia: DNA yake imejifunga mviringo na inaishi kama plazimidi. Ikikutana humo na plazimidi ya usugu, na zote zina kipande kinachofanana, kwa mfano IS1, kipande kifupi cha DNA chenye jozi za besi 768 (jozi za besi ni kipimo cha urefu wa DNA), zinaweza kuungana hapo hapo.

Mwaka 1964, Kondo na Mitsuhashi wa Japani walieleza P1 iliyobeba usugu wa dawa ya kloramfenikoli namna hiyo. Siku hizi zimepatikana jamaa za P1 zenye mcr-1, jeni inayoshinda dawa ya kolistini.

Kinachonivutia zaidi ni kichwa cha kirusi, yaani ganda la protini linalobeba DNA yake hadi seli nyingine. Jenomu ya P1, yaani DNA yake yote, ina jozi za besi takribani 94,000, na kichwa hubeba zaidi ya hapo kidogo, kwa hiyo jeni ngeni hupata nafasi. Mzigo ukizidi, kila kichwa hutoka na jenomu pungufu. Itabidi virusi zaidi ya kimoja viingie seli moja ili vipande vikamilishane.

Jeni iliyomo ndani ya ganda la protini haihitaji bakteria wagusane, na vimeng'enya vinavyokata DNA iliyo wazi haviifikii. Ndiyo maana nawasihi wafugaji wasitie dawa kwenye maji ya vifaranga bila daktari wa mifugo: dawa hiyo huua bakteria wasio na jeni, ikawaachia banda zima wale waliokwisha kuipokea.