Sifa za mashine, kazi ya fundi wa bodi

Muulize yeyote aliyewahi kusimama kando ya Khalid Lagoon pale Sharjah wakati wa mbio za boti za Formula 1 anakumbuka nini, atakuambia kelele. Mashine ya Mercury ya V6, lita 2.5, ile ya kuchanganya oili na petroli, ikishafika mizunguko elfu kumi kwa dakika humsikii hata aliye ubavuni mwako. Ndiyo maana watu wakizisimulia mbio hizi husimulia mashine. Mimi riziki yangu imetoka kwenye faiba na mashine za boti, kwanza Tanga, kisha miaka mingi huko Ghuba, na msimamo wangu haujabadilika: mtu hushinda au hushindwa mbio hizi karakanani, mikononi mwa aliyejenga bodi, mwili wenyewe wa boti. Mashine nyingi pale zilitoka kiwanda kimoja. Bodi ndizo zilizotofautiana.

Chombo chenyewe kina urefu wa kama mita 6 na upana wa kama mita 2, na pamoja na mashine yake kina uzito wa karibu kilo 400. Hakina breki wala gia. Kinapita kilomita 220 kwa saa. Katika mwendo huo, kinachogusa maji ni ncha za nyuma za miguu yake miwili, ile mirefu ya chini, kushoto na kulia, kipande ambacho ungeweza kukifunika kwa mkeka mdogo, pamoja na nusu ya chini ya propela. Kilichobaki chote kiko hewani. Kufika hapo kulichukua zaidi ya nusu karne, na kila hatua ilianza kwa mtu mwenye randa na wazo.

Mashine ya kufunga nyuma ya boti iliingia sokoni kwa nguvu mwaka 1909, pale Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyeishi Milwaukee, Marekani, alipoanza kuuza yake. Ilikuwa na silinda moja na nguvu ya farasi 1.5. Haukupita muda watu wakaanza kushindana. Tatizo likajitokeza mara moja: chombo kinacholala majini husukuma maji mbele yake, na ukizidi kukiongezea nguvu kinazidi kuinua pua na kuzamisha tezi, yaani sehemu ya nyuma. Dawa ni kukifanya kiinuke, kiteleze juu ya uso wa maji badala ya kuyapasua. Katika miaka ya 1930 karakana ya Ventnor huko New Jersey, ya akina Apel, ilitoa boti ya nukta tatu: inakaa juu ya vikanyagio viwili vya mbele na kipande kidogo cha nyuma, na katikati hewa inapita. Wazo hilo la kuiingiza hewa chini ya chombo ndilo mzizi wa yote yaliyofuata.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kikaja kipindi ninachokipenda kuliko vyote, kipindi cha plaiwudi. Carl Kiekhaefer, aliyeanzisha kampuni yake Wisconsin mwaka 1939, alikuwa akitengeneza Mercury ndogo zilizokuwa na sehemu ya chini maalumu ya mashindano, nyembamba, isiyo na gia: ukiiwasha, inaondoka. Upande wa bodi, wachoraji kama Hal Kelly walichapisha ramani kwenye majarida, na mtu wa kawaida akajenga boti ya mbio kwenye banda la gari lake. Mataruma, yaani mbavu za chombo, ya mbao nyepesi, plaiwudi ya okoume, mti wa kutoka Gabon, gundi, skrubu za shaba na uvumilivu. Dereva hakuwa na kiti, alipiga magoti. Mkono mmoja ulishika usukani, mwingine ulibana mkono wa mafuta wenye springi. Ukiuachia, mashine inapunguza mwendo yenyewe. Wakati wa kuondoka, msaidizi alisimama ndani ya maji yamemfika kiunoni, ameinua tezi, dereva anavuta kamba, mashine inalia, kisha msaidizi anaachia na kujiondoa haraka.

Kwa boti za namna hiyo, mwaka 1958 Hubert Entrop alipita maili 107 kwa saa kwenye Ziwa Washington, karibu na Seattle, akiwa na Mercury ya silinda sita. Ni kama kilomita 173 kwa saa, juu ya mbao, kwa mashine ambayo ndugu yake wa kawaida alikuwa akiburuta watu wa mchezo wa ski siku za mapumziko.

Sasa tufike Italia. Kwenye Ziwa Como kulikuwa na mjenzi aitwaye Angelo Molinari. Katika miaka ya 1960, wakati Marekani nako akina Switzer wa Illinois wakiwa na boti yao yenye umbo la bawa, Molinari alijenga boti zenye miguu miwili mirefu kushoto na kulia, na handaki la hewa katikati, kutoka omo hadi tezi. Dari ya handaki lile si ubao bapa tu. Ina mkunjo, na hewa inayoingia kwa mbele inabanwa na kuinua chombo. Mwanawe Renato ndiye aliyekuwa akiziendesha. Mbio za dunia za boti za Formula 1 zilipoanza mwaka 1981, Renato Molinari akawa bingwa wa kwanza, kisha akarudia mwaka 1983 na 1984. Baba anajenga, mtoto anaendesha, anarudi na kusema pale mbele panainuka mno, baba anachukua randa. Hakuna kiwanda kinachoweza kuununua mzunguko huo. Huko Marekani, eneo la St. Louis, Bill Seebold naye alikuwa dereva na mjenzi kwa wakati mmoja, na wanawe Mike na Tim wakaingia mbioni pia.

Palipozipima boti hizi zaidi ya popote ni pawili. Pa kwanza ni Paris, mbio za saa 6 kwenye mto Seine zilizoanza 1955. Kuta za mawe za kingo zilirudisha kila wimbi, maji hayakutulia hata dakika moja, na boti iliyojengwa kwa haraka ilifunguka gundi kabla ya saa ya tatu. Pa pili ni Ziwa Havasu, Arizona, mahali ambapo Robert McCulloch, aliyeunda misumeno ya mashine na mashine za boti, alipata pa kujaribia bidhaa zake, akajenga na mji kabisa, kisha mwaka 1968 akalinunua daraja la London na kulihamishia huko jiwe kwa jiwe. Mbio kubwa za Havasu zilianza miaka ya 1960, na hapo ndipo Wamarekani wengi walipoziona boti za handaki zikiwaacha.

Niingie kwenye ufundi wenyewe, kwa sababu hapa ndipo sifa inapopotea.

Ukiilaza boti ya mbio juu ya farasi za mbao, zile stendi za fundi, chini juu, utamwona fundi ameshika rula ndefu ya chuma na taa. Anaiweka rula kwenye futi tatu za mwisho za kila mguu, anamulika upande wa pili, anatazama mwanga unapopenya. Anatafuta makosa mawili. Pakiwa pamebonyea ndani, hata kwa unene wa kadi ya simu, maji yanayopita pale yanasukuma tezi juu na omo chini. Boti inakuwa nzito, inalamba maji, haitoki. Pakiwa pamevimba nje, maji yanaivuta tezi chini na pua inapanda, na kwenye mwendo boti inaanza kudundadunda, juu chini, juu chini. Wavuvi wetu wenye boti za faiba wanaujua mdundo huu vizuri na hulaumu mashine au mzigo. Mara nyingi kosa lipo chini ya bodi, iliyoachwa juani ikiwa imekaa vibaya mpaka sakafu yake ikapinda.

Jambo la pili ni kona. Mahali maji yanapoachana na chombo panatakiwa kuwa na makali, kona inayokata ukucha. Ukiizungusha kidogo kwa msasa, labda kwa kutaka ipendeze, maji yanaifuata ile duara na kung'ang'ania ubavuni, na kila tone linaloning'inia ni mwendo uliopotea. Nimekaa na mafundi wa Kiitaliano pale Sharjah waliokuwa wakizipitisha kona hizo kwa kipande cha mbao kilichofungwa msasa, asubuhi ya mbio, kimya kabisa. Rangi na vibandiko vya wadhamini hawakuvijali hata kidogo.

Kisha urefu wa kufunga mashine. Kwenye boti ya kazi propela inazama yote. Kwenye boti ya mbio mashine inapandishwa mpaka nusu ya propela iko nje, kila bapa linaingia majini, linasukuma, linatoka. Propela zile zina ukingo wa nyuma uliokatwa wima kama shoka, na huchongwa na kunolewa kwa mkono, moja moja. Bapa likiingia majini linainua tezi pia, kwa hiyo aliyejenga bodi na aliyechonga propela lazima waongee. Wasipoongea, mashine nzuri inaharibika jina.

Si kwamba nawadharau mafundi wa mashine. Kiwanda cha König, Berlin, kilitoa mashine ya boti ya silinda nne zilizolala kifudifudi ambayo kijana kutoka New Zealand, Kim Newcombe, aliyekuwa akifanya kazi hapo, aliichukua akaipachika kwenye pikipiki. Mwaka 1973 alishinda mbio za Yugoslavia za daraja la cc 500 na kumaliza wa pili duniani, mbele ya bingwa wa mara nyingi, Mwitaliano Agostini. Hakuishi kuyapokea matokeo hayo. Alifariki kwa ajali ya Silverstone, Uingereza, kabla msimu haujaisha. Mashine ya boti ilifanya hivyo, na wapenzi wengi wa pikipiki hadi leo hawaijui asili yake.

Lakini handaki la hewa lina deni lake. Hewa inayoinua haijui kipimo. Pua ikipanda kidogo, hewa nyingi zaidi inaingia, kitovu cha msukumo kinasogea mbele, pua inapanda zaidi, na chini ya sekunde moja chombo kizima kimesimama wima na kupinduka kinyumenyume. Miaka ya mwanzo ya 1980, kampuni ya mashine za boti ya OMC ilipoleta V8 ya lita 3.5, nguvu iliikimbia bodi. Dereva alikaa wazi, bila mkanda, kwa imani kwamba chombo kikipinduka ni heri arushwe nje. Kwa mwendo ule, maji hayana ulaini wowote. Mwaka 1984 madereva kadhaa walikufa, akiwemo Mwingereza Tom Percival huko Liège, Ubelgiji.

Aliyejibu hakuwa mwanasheria wala mdhamini. Alikuwa mjenzi tena, Chris Hodges, aliyejenga chumba cha dereva kinachojitegemea, cha nyuzi za kaboni na Kevlar, dereva amefungwa mikanda ndani yake. Bodi inaweza kusambaratika vipande vipande, chumba kinabaki kizima. Wengi hawakukitaka mwanzoni, kwa sababu ya uzito na kwa sababu ya hofu ya kufungwa chini ya maji, hofu ambayo naielewa. Baadaye kikawa sharti. Leo kimefunikwa juu, kuna puto linalofumuka nyuma ya kichwa ili chumba kisizame, na hakuna dereva anayeruhusiwa mbioni kabla ya kufaulu jaribio la kupinduliwa: anafungwa kwenye kiti cha mfano, kinageuzwa chini juu ndani ya bwawa, naye ajifungue na kutoka mwenyewe. Nikiulizwa ni uvumbuzi gani mkubwa kuliko wote katika mchezo huu, nitautaja huo kabla ya V6 yoyote.

Mabingwa wa baadaye wanajulikana. Guido Cappellini, Mwitaliano, alichukua ubingwa wa dunia mara 10 kati ya 1993 na 2009, kisha akaenda kuiongoza timu ya Abu Dhabi, na vijana wa Kiarabu kama Thani Al Qamzi wakawa majina makubwa Ghuba yote. Bodi za chapa ya DAC alizokuwa akiendesha Cappellini zilitoka Italia, kama za Molinari kabla yake.

Kinachoniuma ni kumbukumbu za ufundi. Boti za plaiwudi ziliacha ramani, na leo hii mtu anaweza kuijenga upya ya mwaka 1955 kama ilivyokuwa. Boti za faiba na kaboni huacha kalibu, lile umbo la kufinyangia bodi, na kalibu ni kubwa, zinakula nafasi, wajenzi wanazeeka, pango la karakana linapanda. Nimeiona kalibu ya boti ya mbio ikikatwa kwa grainda na kutupwa kwenye tela la taka kwa sababu mwenye karakana alihitaji mahali pa kuweka jetiski. Wenzetu wengi wa Unguja, Mombasa na Tanga wamepita kwenye karakana za Sharjah, Ajman na Dubai. Kama kuna kalibu iliyobaki mnakofanya kazi, pigeni picha sehemu ya chini, na muandike vipimo vya futi tatu za mwisho za kila mguu na mkunjo wa dari ya handaki kila baada ya nusu mita. Sehemu nyingine yoyote fundi mzuri anaweza kuibuni upya.