Usisubiri Kichwa Kikuume Ndipo Upime Presha

Maswali haya yanajirudia kila siku ya kliniki ya presha hapa tunapofanyia kazi, Dar es Salaam. Wanaouliza wengi ni watu wenye shughuli zao: madereva wa bodaboda, mama lishe, walimu, walinzi, mafundi. Kila mmoja anataka afya itakayomwezesha kuamka kesho aende kazini, na wengi wao wamechelewa kuja.

Presha ni nini hasa?

Ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Namba ya juu ni pale moyo unaposukuma, ya chini ni pale unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kwa mtu mzima, chini ya 120/80 ni nzuri. Ikifika 140/90 au zaidi, ikajirudia siku nyingine ukiwa umetulia, una presha ya kupanda. Kwa wengi chanzo si kimoja: umri, ukoo, uzito, chumvi, pombe, sigara, kukaa kutwa nzima.

Mimi sisikii chochote. Kichwa kikianza kuuma si nitakuja kupima?

Hapana. Presha haina dalili kwa watu wengi. Unaweza kuwa na 190/110 ukabeba ndoo ya maji, ukapanda ngazi, ukabishana Simba na Yanga mpaka saa sita usiku, na usihisi kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha, na karibu nusu yao hawajui.

Kuna fundi ujenzi alimleta mama yake kliniki. Akiwa amekaa benchi anasubiri, tukamwambia naye anyooshe mkono. Namba ya juu ikavuka 200. Akacheka: "Mashine yenu mbovu hiyo." Tukaleta nyingine, ikasema vilevile. "Lakini mimi mzima!" Ndiyo, alikuwa mzima kwa kujisikia. Figo na moyo wake havikuwa vimeulizwa.

Ukikaa miaka na presha usiyoijua, mishipa inakakamaa, moyo unatanuka, figo zinachoka, macho yanaharibika. Kwa wengine dalili ya kwanza ni kiharusi. Kwa hiyo usipime kwa sababu unaumwa. Pima kwa sababu ni mtu mzima, angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kama baba au mama ana presha. Mjamzito apime kila hudhurio. Tarehe 17 Mei, Siku ya Shinikizo la Damu Duniani, sehemu nyingi hupima bure, na bado watu wanapita pembeni ya hema wakisema "mimi sijambo".

Nimemeza dawa mwezi mzima, leo nimepima 125/80. Nimepona, niache?

Hujapona. Namba imeshuka kwa sababu unameza dawa. Ukiacha, itapanda tena, na haitakupigia hodi.

Naomba hili lieleweke, maana ndilo linalotujazia wodi. Mgonjwa anajisikia vizuri, anaacha. Anasafiri kwenda msibani, anaacha dawa nyumbani. Anaambiwa kanisani au na shoga yake kwamba dawa za presha ukizianza huziachi, basi anaona heri asianze. Mwingine humeza asubuhi ya kliniki tu ili asigombezwe. Namba tunaiona nzuri, tunampa hongera, kumbe wiki tatu zote hakugusa kidonge.

Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni mashine. Anayepunguza au kubadilisha dawa ni daktari, baada ya kuona namba zako kwa muda. Wapo wanaopunguziwa dozi baada ya kushusha uzito na kuacha pombe. Hilo lipo, tunalifurahia. Lakini hawakujipunguzia wenyewe.

Dawa zinanisumbua. Ndiyo maana naacha.

Hapo una haki ya kulalamika, ila lalamika kwetu. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu. Enalaprili na kaptoprili zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Dawa za kukojoza zinamtesa dereva: yuko barabarani, choo hakuna, anaona bora airuke. Tukijua, tunaweza kubadilisha dawa au muda wa kumeza. Ukinyamaza, tutadhani dawa imeshindwa na tutakuongezea nyingine.

Na usimmegee jirani vidonge vyako. Dawa inayokufaa wewe inaweza kumdhuru mjamzito.

Chumvi situmii sana. Naweka kidogo tu mezani.

Kwa nini ipo mezani? Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Sasa hesabu: chumvi ya kwenye mboga, ya kwenye wali, viungo vya pakiti ulivyotia kwenye mchuzi, ng'onda, soseji, mkate. Jioni unapita kwa muuza mihogo ya kuchoma, anakupakia chumvi na pilipili, halafu embe bichi nalo linachovywa kwenye kichumvi. Chipsi unainyunyizia kabla hata hujaionja!

Toa kikopo mezani. Pika kwa ndimu, tangawizi, kitunguu, nyanya, bizari, nazi kwa kiasi. Wiki mbili tatu za mwanzo chakula kitakuwa chapwa, baadaye ulimi unazoea na chakula cha mgahawani ndicho kitakachokushinda. Mama lishe wanaonisoma, punguzeni huko jikoni, wateja wenu ndio hawa tunaowapokea.

Nasimama kutwa kwenye biashara. Si mazoezi hayo?

Kusimama kunachosha, lakini moyo haujafanya zoezi. Unahitaji dakika 150 kwa wiki za kwenda mwendo wa haraka, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nusu saa, siku tano. Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla. Huhitaji viatu vya bei.

Usingizi unahusikaje na presha?

Unahusika sana. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Vijana wa bodaboda wanalala kwa muda wa saa nne tu, asubuhi wanajiamsha kwa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, mchana jingine. Ile ni kafeini na sukari, si nguvu. Inapandisha mapigo na presha, usiku usingizi hauji, kesho unanunua kopo tena. Fedha yako, mwili wako, na abiria wako nyuma. Na kama mwenzako wa chumba anasema unakoroma sana na kuna wakati pumzi inakatika, tuambie, hilo ni tatizo linalotibika na linapandisha presha.

Mgongo unauma kwa kazi. Nameza diklofenaki kila siku, nayo ina shida?

Ina shida. Diklofenaki na ibuprofeni, zikiwa za kila siku, zinapandisha presha, zinapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha na zinaumiza figo. Unazinunua dukani kama pipi, halafu unashangaa namba haishuki. Mwambie muuza dawa kwamba una presha kabla hajakupa chochote.

Na kitunguu swaumu, si kinatibu presha?

Kula tu, ni kiungo kizuri. Dawa yako endelea nayo.

Nipime vipi nyumbani nisijidanganye?

Nenda haja ndogo kwanza. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kupishanisha, tulia dakika tano. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, siyo juu ya shati, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee. Rudia baada ya dakika moja, andika namba zote mbili na saa, uje na daftari. Hata mbaya ziandike.

Mdomo wa baba umepinda na mkono umelegea. Tumpeleke kwa mtaalamu gani kwanza?

Hospitali. Sasa hivi. Siyo kwa mganga, siyo kwenye maombi, siyo kusubiri kupambazuke, siyo kungoja kaka mkubwa afike kutoka mkoani atoe uamuzi. Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, maneno kuvurugika: ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo, hata kama dalili zimepita zenyewe baada ya dakika kumi. Anayetaka kuomba aombe ndani ya gari.

Usimpe uji, maji, wala kidonge cha presha au aspirini. Anaweza kupaliwa, na huwezi kujua kama ni mshipa ulioziba au uliopasuka. Mlaze ubavu. Kumbuka saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, daktari ataiuliza kabla ya kitu kingine. Chukua na dawa zake zote.

Ukipima mwenyewe ukakuta 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuona ukungu, safari ni hiyo hiyo.

Nafunga Ramadhani. Dawa nizisimamishe?

Usizisimamishe. Za mara moja kwa siku mara nyingi huhamishiwa futari au daku, za mara mbili zinapangwa upya, na kwa wengine wachache tutakushauri usifunge. Uamuzi huo unahitaji vipimo vyako, kwa hiyo njoo mwezi wa Shabani, kabla Ramadhani haijaanza. Kila mwaka mnatujia siku ya tatu ya mfungo, mmekwisha kujipangia wenyewe.