Tanga hadi Amani kwa miguu: njia nyepesi za kufuata Mto Zigi

Karibu kila anayenipigia simu kuuliza njia za kutembea Tanga huanza na swali moja: ni kilomita ngapi? Huwa namjibu, kisha namuuliza yangu matatu. Utaondoka saa ngapi? Jua litakuwa upande gani wa uso wako? Na mwisho wa njia utashukaje? Kilomita tano za barabara ya lami saa saba mchana mwezi wa pili zinamlaza kijana mwenye nguvu zake. Kilomita tisa za Amani, hifadhi ya msitu wa milimani, kivulini, juu ya njia ya tambarare, nimewaona akina mama wa miaka sabini wakizimaliza na kuuliza kesho tunakwenda wapi.

Nilisomea misitu, na sasa ni mwaka wa kumi na tisa naongoza matembezi ya miguu kati ya Tanga mjini na milima ya Usambara Mashariki. Wageni wengi huvigawa vitu hivi viwili: mji ni wa historia, mlima ni wa baridi na picha. Mimi nawaomba wavitembee pamoja, siku tatu, kwa sababu kuna mto unaoviunganisha. Mji huu una msemo wake ambao kila mgeni huambiwa, "Waja leo, waondoka leo". Naupenda msemo huo, lakini siku moja haitoshi.

Mjini naanzia Raskazone, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sababu ni jua. Raskazone iko mashariki ya mji, kwa hiyo ukitoka huko kuelekea katikati unakwenda magharibi, na jua la asubuhi linakupiga mgongoni badala ya machoni. Bahari iko mkono wako wa kulia, upepo unatoka huko, na miti mikubwa ya kando ya barabara inakupa kivuli sehemu kubwa ya njia. Hakuna kilima cha kukutoa jasho. Ni kama kilomita tatu hadi mjini, na ukitembea kwa mwendo wa kuongea utafika kabla ya saa mbili. Njia hiyohiyo ukiifuata jioni kwa kurudi kuelekea baharini, jua linakuwa mgongoni tena.

Ndiyo njia waliyoipita wanajeshi wa Uingereza mwezi wa Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Walishuka kutoka kwenye meli upande wa Raskazone, karibu watu 8,000, wengi wao askari kutoka India waliokaa melini majuma mengi, wakatembea kuelekea mjini wakidhani watauchukua bila kazi. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu. Kilichowaokoa kilikuwa reli. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashusha watu wake kutoka upande wa Moshi kwa treni, wakafika kabla mji haujaanguka, na mapigano makali yakawa penye mkato wa reli ukingoni mwa mji. Nyuki waliochokozwa na risasi walitoka kwenye miti na kuwauma wa pande zote mbili. Kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wamerudi melini, na silaha nyingi wameziacha ufukweni.

Ninapofika penye reli huwa nasimama na kuwaambia wageni wageuke watazame walikotoka. Ukiwa umetembea mwenyewe kutoka Raskazone, miguu yako inakuambia umbali ule ulikuwaje kwa mtu aliyebeba bunduki na mzigo, amevaa sare nzito, hajanywa maji. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutopanda bodaboda hapa.

Kabla ya reli utapita Bombo, lilipo jengo la hospitali la zamani la Wajerumani lililokaa juu ya jabali likitazama ghuba, na mbele yako majini utakiona Kisiwa cha Toten chenye magofu ya misikiti na makaburi. Mjini kwenyewe naenda taratibu: bustani ya Jamhuri inayoitazama bandari, mnara wa saa, kisha makumbusho ya Urithi ndani ya boma la zamani. Mitaa ya maduka ya Wahindi inatembewa vizuri ukiinua macho, maana chini ni mabango na simu, juu ni mbao zilizochongwa na kuta zilizoanza kumenyeka. Nawasihi wageni wapige picha za kuta hizo sasa. Kila mwaka napita mahali nilipozoea kuona dari la mbao nakuta bati jipya.

Kisha tunavuka reli kuingia Ngamiani. Barabara zake zina namba, kwa hiyo hata mgeni hapotei: uliza barabara ya nane, utaonyeshwa. Hapa ndipo matembezi ya mjini yanapoishia, kwenye baraza, na kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata. Muuza kahawa akisuuza vikombe vyake kwenye ndoo huwa nawaonyesha wageni yale maji. Nawaambia wayakumbuke, kesho tutakwenda yalikotoka.

Siku ya pili ni fupi. Amboni iko kama kilomita 8 kaskazini ya mji, na mapango yake yanatembewa na mtu yeyote asiyeogopa giza wala popo. Vaa viatu vyenye meno, maana sakafu ina utelezi, na beba tochi yako hata kama mwongozaji anayo. Mwamba ni wa chokaa uliokaa chini ya bahari zamani sana, maji yakaula polepole hadi ukabaki na vyumba, nguzo na vichochoro vya kuinama. Kuna pembe ambazo watu huja kutambika. Ukikuta chupa ya marashi au kitambaa, usiguse, na usipige picha ya mtu aliyekuja kwa shida zake.

Ukitoka pangoni usikimbilie gari. Shuka mtoni, tembea kidogo kwenye kivuli, tazama nyufa za mawe ya chokaa. Katika nyufa kama hizi za karibu na Tanga, na katika msitu wa Usambara, ndiko alikoliona Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, ua dogo la urujuani mwaka 1892. Alilipeleka kwao Ujerumani, likapewa jina lake, Saintpaulia, na leo liko kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima. Kwao kwa asili ni hapa.

Mto huu wa Zigi unashuka kutoka Usambara Mashariki. Unazuiwa kwenye bwawa la Mabayani, maji yanasafishwa, yanaingia kwenye mabomba ya mji. Ukioga hotelini Tanga, umeoga msitu wa Amani.

Siku ya tatu tunapanda. Basi dogo hadi Muheza, ambako hakuna ruhusa ya kuondoka bila kula machungwa, kisha gari la Amani. Lami inakwisha, barabara inaanza kujikunja, na kwenye lango la Sigi mnalipa kiingilio kwa namba ya malipo. Kituo cha habari kwa wageni wa hifadhi hapo Sigi kimo katika nyumba iliyokuwa ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walijenga reli nyembamba mpaka hapa kwa ajili ya kuteremsha magogo. Reli iling'olewa miaka mingi iliyopita, nyumba imebaki.

Hapa lazima nieleze jambo la magoti, kwa sababu nililijua kwa kumuumiza mtu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nawapandisha wageni kwa gari hadi Amani, kisha tunashuka kwa miguu hadi Sigi. Nilidhani kushuka ndiyo rahisi. Sigi iko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari na Amani kama mita 900, kwa hiyo ni mteremko wa karibu nusu kilomita kwenda chini. Siku moja nilikuwa na kikundi cha walimu wastaafu. Mmoja wao, mama wa Dodoma aliyekuwa anacheka njia nzima, alinyamaza. Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, goti limekataa." Tulikuwa bado katikati. Tulimshikilia kwa zamu hadi chini, saa mbili na nusu, na yeye akituomba radhi wakati radhi nilipaswa kuiomba mimi.

Ukipanda, msuli wa paja unajikunja na kusukuma. Ukishuka, msuli uleule unafanya kazi ya breki: unakaza huku uzito wa mwili ukiuvuta, hatua baada ya hatua, na goti ndilo linalopokea kishindo. Mapafu hayalalamiki, kwa hiyo mtu hajui kuwa anachoka hadi miguu ianze kutetemeka. Tangu siku ile njia yangu nimeigeuza. Wenye nguvu wanapanda kwa miguu kutoka Sigi asubuhi, wakipumzika wanapotaka, na kurudi kwa gari. Wenye magoti mabovu, wazee, na wenye watoto wadogo wanafika juu kwa gari na kubaki juu. Kila mmoja apate fimbo, hata kijana.

Na kubaki juu ndiko kuzuri zaidi. Amani imekaa kwenye uwanda wa milima, na barabara za mashamba ya chai zinazunguka kwa mwinuko ule ule, pana na zisizo na mawe makali. Kutoka kijijini unaweza kutembea saa mbili kuelekea Monga au Kwamkoro, chai upande mmoja, msitu upande mwingine, bila kupanda kitu kinachostahili kuitwa kilima. Anayetaka kupanda kidogo aende Mbomole, kilima kilicho karibu na kijiji. Asubuhi isiyo na ukungu utaona tabaka za milima zikishuka kuelekea pwani. Bustani ya mimea ya kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 nayo ni matembezi ya nusu siku: miti ya mabara mbalimbali imesimama pamoja, mingine haina mwenzake karibu. Mmoja uliotoroka bustani unaitwa musizi. Uliletwa kutoka upande wa maziwa makuu, hondohondo wakapenda matunda yake, wakazisambaza mbegu, na sasa umejipandikiza kila penye uwazi msituni. Nikiwa mtu wa misitu, naona uchungu kila ninapouona ukinyoosha shingo juu ya miti ya asili ambayo haipo kwingine duniani.

Kuna mahali karibu na kijito ambapo husimamisha kikundi na kuomba kimya. Namwambia mgeni mmoja achomeke fimbo kwenye ardhi chini ya miti mikubwa. Inazama kiganja kizima bila kusukumwa. Ni majani yaliyooza juu ya majani yaliyooza. Kisha achomeke palepale karibu, kwenye kijia kilichokanyagwa, inagonga kama kwenye saruji. Mvua inayoanguka kwenye ule ulaini inanyonywa na kutolewa kidogo kidogo mpaka kiangazi. Inayoanguka kwenye ugumu inateremka siku hiyohiyo ikiwa nyekundu, imebeba udongo. Halafu nawaomba wainame kwenye jiwe la kando ya kijito. Pale, kwenye kuvu la kijani, kuna ua lilelile la Amboni. Majani yake yana vinyweleo, na kila kinyweleo kimeshika tone. Nimeona jiwe kama hilo likibaki uchi misimu miwili tu baada ya mti uliolifunika kukatwa.

Wakulima wa huku wengi wanaishi kwa iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Utainusa iliki kabla hujaiona. Hupandwa chini ya kivuli cha msitu, na shida yake ni kwamba miche ya miti inafyekwa ili iliki ipate nafasi, kwa hiyo miti mizee ikifa haina warithi. Ukipita shambani mwa mtu, toa salamu kwanza, shikamoo kwa mkubwa, na ukipenda nunua viungo kwake yeye mwenyewe. Hakuna anayestahili bei nzuri zaidi yake, maana mji mzima wa chini unamtegemea asikate.

Mambo madogo ya njiani. Juni hadi Septemba njia ni kavu na hewa ni poa. Januari na Februari juu ni pazuri lakini mjini joto ni kali. Masika, Machi hadi Mei, barabara ya Amani inakuwa tope na siipendekezi kwa mzee. Vaa suruali ndefu, kwa ajili ya siafu na upupu, na ukiguswa na upupu usikune. Beba sweta: Tanga uliiacha ukijipepea, Amani jioni utatafuta blanketi. Mtandao wa simu hukatika, waambie nyumbani mapema.

Na ulizia gari la kurudi jioni ya kuamkia safari, kwa sababu mabasi ya milimani hushuka alfajiri. Mtatoka gizani, madirisha yamefumba kwa ukungu, magunia ya viungo kati ya viti. Karibu na Sigi kunapambazuka, na mkikaa upande wa mtoni mtaliona Zigi likishuka nanyi, kona baada ya kona. Yule mama wa Dodoma alirudi miaka miwili baadaye na dada zake wawili. Nilimweka kiti cha dirishani.