Ziwa likiwa kushoto: mpango wa asubuhi na mpango wa alasiri

Katika gofu, shimo lenye ziwa pembeni halina mpango mmoja. Lina miwili, na anayeingia na ule wa asubuhi saa 9 alasiri atapoteza mikwaju kwenye nchi kavu huku akidhani amekwepa maji.

Hapa Mwanza tuko kusini mwa Ziwa Victoria. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo mwepesi hutoka bara kwenda ziwani. Jua likipanda, ardhi na haya mawe yetu hushika joto, na kuanzia kama saa 4 au saa 5 asubuhi upepo hugeuka na kuja nchi kavu. Nguvu yake kubwa ni kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Ukivuka kwenda Entebbe, kaskazini, upepo huo wa ziwani utautazamia kutoka kusini. Kisumu, mashariki, utautazamia kutoka magharibi.

Sasa chukua par 4, yaani shimo la kumalizwa kwa mikwaju minne, ya mita 340. Ziwa liko kushoto tangu kwenye tii, pa kuanzia, hadi kwenye grini, penye nyasi fupi na tundu lenyewe, limewekewa vijiti vyekundu vya eneo la adhabu. Kulia kuna rafu, yaani nyasi ndefu, kisha uzio wenye vijiti vyeupe vya mpaka. Mchezaji ni wa mkono wa kulia, hendikapu 18, yaani huzidisha par ya uwanja kwa mikwaju kama 18, na mpira wake hupinda kulia. Anatazama maji, anaogopa, analenga kulia. Alasiri upepo unatoka ziwani, yaani kushoto, unauongezea mpira ule mpindo. Mpira unaruka uzio.

Hesabu adhabu zake, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Mpira ukiingia majini penye vijiti vyekundu baada ya kuruka mita 170, unaongeza mkwaju mmoja, unadondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka ulipokatiza mstari mara ya mwisho, si karibu zaidi na shimo, na unapiga mkwaju wa tatu ukiwa umebakiza mita 170. Ukivuka vijiti vyeupe unaongeza mkwaju huohuo mmoja, lakini unarudi kwenye tii na kupiga wa tatu ukiwa na mita 340 mbele yako. Vyeupe vinauma kuliko vyekundu. Macho yanaogopa maji kwa sababu yanang'aa, ila kadi ya mikwaju inaumizwa na uzio.

Kwa hiyo, alasiri simama upande wa kulia wa tii, ule wenye uzio, ulenge ukingo wa kushoto wa feawei, ile njia ya nyasi fupi. Upepo ndio utakaourudisha mpira katikati. Asubuhi mapema, upepo ukiwa unasukuma kuelekea majini, lenga katikati au kulia kidogo, tena kwa fimbo fupi zaidi ya draiva, ile ya kupigia mbali kuliko zote, kama feawei inabana.

Inabana kiasi gani? Usikisie. Nenda uwanja wa mazoezi, piga mipira 20 kwa draiva ukilenga kitu kimoja, ondoa mmoja mbaya kuliko yote kila upande, kisha hesabu hatua kati ya uliobaki wa kushoto kabisa na wa kulia kabisa. Tuseme umepata mita 50. Maana yake shabaha yako, ukishaongeza athari ya upepo, iwe walau mita 25 kutoka kwenye vijiti vyeupe, hata kama hilo linafanya mpira mmoja au miwili kati ya ishirini idondoke ziwani. Anayesema "mimi draiva yangu inakwenda moja kwa moja" hajawahi kuhesabu hizo hatua.

Na ukidhani mpira umevuka mpaka, piga mpira wa akiba kabla hujaondoka, na utamke wazi kwamba ni wa akiba. Muda wa kutafuta ni dakika 3.

Upepo wenyewe unaupimaje bila kifaa? Tazama maji. Mapovu meupe yakianza kuonekana hapa na pale juu ya mawimbi madogo, na bendera nyepesi ikinyooka, huo ni upepo wa kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Mapovu yakiwa mengi, vumbi na karatasi zikiinuka, umefika 20 hadi 28. Usitegemee bendera ya shimo peke yake: grini ikiwa nyuma ya mawe au miti, bendera inalala huku mpira wako, ukiwa juu, unapigwa.

Kanuni ninayoitumia: upepo wa usoni wa kilomita 16 kwa saa unaongeza asilimia 10 ya umbali unaopaswa kuupigia, wa mgongoni wa nguvu hiyohiyo unapunguza asilimia 5 tu. Mita 140 dhidi ya upepo inakuwa 154. Upepo ukiwa mgongoni inakuwa 133. Wengi hupunguza sawa na wanavyoongeza, ndiyo maana mipira yao ya upepo wa nyuma inaishia kwenye banka (kishimo cha mchanga) la mbele.

Mgeni kutoka Dar ana hesabu moja zaidi. Ziwa liko zaidi kidogo ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali kwa takriban asilimia 4. Mita 150 za Dar ni kama 156 hapa.

Par 3 inayovuka maji ndipo hesabu hizi zinapolipa. Bendera mita 140, mbele ya grini 125, nyuma 155, upepo wa usoni wa kilomita 16. Chuma namba 7 chako (fimbo ya chuma) kinakwenda 135, namba 6 kinakwenda 145, namba 5 kinakwenda 155. Chukua namba 5, shika mpini chini kidogo, piga kwa ulaini. Kuchukua namba 6 na kukipiga kwa hasira ndilo kosa la kila wiki: nguvu inaongeza mzunguko, mzunguko unainua mpira, upepo unausimamisha hewani kisha unaushusha majini. Ukishaingia, usirudie fimbo ileile. Kama fimbo ndogo ndiyo iliyokutosa majini, chukua inayokwenda mbali zaidi.

Par 5 hazinipi shida ya kueleza: kwa hendikapu 18, mkwaju wa pili usivuke maji. Uache mita 90 au zozote unazozipenda kwa weji, fimbo ya mikwaju mifupi.

Kwenye grini ya Bermuda, aina ya nyasi, angalia mlalo wa nyasi hizo. Upande unaong'aa, nyasi zinakwenda mbele yako, puti, yaani mkwaju wa kuviringisha mpira kwenye grini, itakimbia. Upande uliofifia, zinakuja kwako, ongeza nguvu. Na usihuzunike kwa kukosa puti ya mita 2.4; wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya gofu ya kulipwa ya Marekani, wenyewe wanaingiza karibu nusu tu ya hizo.

Kwenye mwambao, viboko hutoka usiku kula nyasi, wengine huchelewa kurudi. Kanuni namba 16.2 inakupa nafuu bila adhabu pale mnyama wa hatari anapokuzuia kuucheza mpira: tafuta sehemu ya karibu isiyo na hatari, dondosha ndani ya urefu wa fimbo moja, si karibu zaidi na shimo. Lakini mpira ukiwa ndani ya vijiti vyekundu, nafuu hiyo ya bure ni humohumo ndani. Ukitaka kutoka nje, lipa mkwaju. Kudondosha siku hizi ni kutoka usawa wa goti, si bega. Tangu 2019 imekuwa hivyo, na bado kila Jumamosi utaona mtu ananyoosha mkono.