PhD ya kulipiwa nje: anza na ugonjwa wa kwenu

Kila nikipanda Newala lazima kijana mmoja anivute pembeni, kaka naomba linki ya skolashipu ya PhD. Linki! Wengi wanadhani ni kama mkopo wa chuo, unajaza fomu unasubiri jina litoke. Kwenye utafiti wa magonjwa PhD nyingi ni kazi kabisa, kuna mradi una hela, maabara inatafuta mtu, na wewe unaomba kama unavyoomba ajira. Mfano Ulaya kuna Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa watafiti wa Umoja wa Ulaya, ukipita unasaini mkataba unalipwa mshahara, uraia wowote ruksa, ila usiwe umekaa kwenye nchi unayoomba kwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka 3 iliyopita. Kwa hiyo yule anayetangulia kwenda kukaa kwa shemeji huko eti anajisogeza, anajifungia mlango mwenyewe (namjua mmoja, tuyaache).

Mie mwanzo nilituma imeli moja ileile kwa maprofesa kama 40, kimya. Nilipokuja kumwandikia mmoja mistari sita tu kuhusu mbu na maji ya kwetu, akajibu kesho yake.

Intavyuu nilifanyia Mtwara mjini chumbani kwa binamu, feni nimeizima maana inapiga kelele, jasho linaingia machoni, naulizwa kwa nini nimechagua chikungunya, ile homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Nikasema hilo jina ni letu. Ugonjwa ulitambuliwa kwenye mlipuko wa 1952 huku uwanda wa Makonde, na neno ni la Kimakonde, la kujikunja, kwa vile maungio yanauma mpaka mtu anatembea kapinda. Bibi alikuwa akituigizia baba yake alivyokuwa anakwenda kisimani kashika magoti. Halafu nikawaeleza kwamba uwandani maji ni shida, watu wanayaweka ndani kwenye mitungi na mapipa, na mbu aina ya Aedes anapenda hapohapo. Wakaacha kusoma CV, wakaanza kubishana wao kwa wao. Hapo nikajua nimepita.

Kama huwezi kuhama, labda una mama mgonjwa au watoto wadogo, Commonwealth (Jumuiya ya Madola) wana skolashipu yenye mpango wa kusajiliwa chuo cha nyumbani halafu Uingereza unakwenda hadi miezi 12 tu.

Na waombe walimu barua za mapendekezo mapema jamani. Wangu mmoja alikuwa kwenye korosho Nachingwea, simu haishiki, nikamfuata kwa bodaboda dedilaini ikiwa usiku uleule.