Baba yangu, mratibu wa TB Iramba

Kwenye tangazo la msiba wa Mzee wetu tuliandika "mratibu mstaafu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya", na tangu siku ile watu wengi wameniuliza, wengine ndugu kabisa, hivi hiyo ilikua kazi gani hasa, alikua daktari au? Mimi ni mtu wa maabara, nashinda na makohozi ya wagonjwa wa TB, na kazi hii nimeipenda kwa sababu yake, kwa hiyo acha nieleze.

Baba alizaliwa 1938, akasomea uganga msaidizi, akafanya kazi zahanati mbalimbali mpaka akarudishwa kwao Iramba, mkoani Singida. Mwaka 1977 serikali ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na kila wilaya ikawa na mratibu wake. Mzee akawa mmoja wao, akapewa pikipiki, rejista na dawa.

Sasa tatizo la TB liko hivi. Bakteria wengine wanaweza kujigawa ndani ya dakika ishirini hivi, wa TB anachukua karibu siku nzima, na wengine wanalala tu kwenye mapafu hawafanyi kitu, na dawa nyingi zinamuua mdudu akiwa anafanya kazi, akilala zinampita. Ndo maana mgonjwa akimeza wiki chache kikohozi kinapungua, hamu ya kula inarudi, anajiona mzima na anaenda zake shamba, wakati wale waliolala bado wapo. Enzi zile dozi ilikua mwaka mzima au zaidi, na sindano za streptomycin mwanzoni. Nani atamaliza?

Aliyesukuma mpango ule alikua daktari kutoka Chekoslovakia, Karel Styblo, ambaye mwenyewe aliugua TB akiwa mfungwa kwenye kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Mwanzoni mwa miaka ya 80 wakaleta dozi fupi ya miezi minane. Rifampicin, dawa yenye nguvu zaidi kwenye dozi hiyo, ilikua ghali sana kipindi hicho, kwa hiyo ilitolewa miezi miwili ya kwanza tu, mgonjwa amelazwa na nesi anamwangalia akimeza, halafu anaruhusiwa kwenda kuendelea na dawa nyingine nyumbani. Na hapo ndo kazi ya baba ilipokua inaanza kwa kweli.

Kila mgonjwa alikua na mstari wake kwenye rejista: makohozi yalisemaje siku ya kwanza, yalisemaje baada ya miezi miwili, yalisemaje mwishoni. Halafu kila robo mwaka unachukua wale WOTE walioanza dawa robo ile ya mwaka uliopita, unaandika mmoja mmoja yuko wapi, kapona, kafariki, kahama, kaacha dawa. Huruhusiwi kumsahau mtu. Ukiandika "kaacha" maana yake kuna mtu ana jina na kijiji na hujui alipo, na Mzee hilo lilikua linamnyima usingizi. Kwa njia hiyo Tanzania ikaonyesha kwamba nchi maskini inaweza kuponya karibu wanane kati ya kila wagonjwa kumi, na miaka ya 90 Shirika la Afya Duniani likaichukua njia hiyohiyo likaipeleka dunia nzima kwa jina la DOTS. Yaani kitu kilichopikwa na watu wa pikipiki kama baba.

Iramba kuna mlima Sekenke na chini kuna mbuga ya Wembere ambayo masika inajaa maji, pikipiki haipiti. Alikua anaiacha kwa mtu anaenda kwa miguu. Nilienda naye nikiwa mdogo, likizo. Akifika haulizi dawa, anasalimia wazee, anakaa, anauliza mvua, anakula kama kuna chakula, ndo baadaye anamwita mgonjwa pembeni wanaongea wawili. Aliniambia, "Mwanangu, mtu hakimbii dawa, anakimbia kitu kingine, tafuta hicho." Na kweli, mwingine ilikua nauli, mwingine mume kamkataza asijulikane, mwingine msimu wa kulima tu.

Ukimwi ulipokuja wagonjwa wakaongezeka sana. Na ikatokea kitu kibaya: thiacetazone, dawa ya bei nafuu iliyokua kwenye dozi ile, kwa mwenye virusi vya Ukimwi iliweza kuchubua ngozi mwili mzima na wengine walikufa. Baadaye ikaondolewa ikawekwa ethambutol. Mzee alikua ametembea vijijini akiwasihi watu wasiache dawa, halafu dawa ile ile ikawaumiza baadhi yao. Hakulizungumza kwa urahisi. Nilimuuliza akiwa ameshastaafu, akasema alirudi kwenye zile familia moja moja kuwaeleza ukweli, na hakuna iliyomfukuza.

Siku hizi dozi ya kawaida ni miezi sita, rifampicin mwanzo mpaka mwisho, na mashine ya GeneXpert inanipa majibu ndani ya saa mbili pamoja na kama mdudu ni sugu kwa rifampicin. Nilipomsimulia alifurahi kweli, akataka nimwelezee inavyofanya kazi, nikamweleza yote, kisha akauliza: "Na huyo mwenye usugu anakaa wapi? Nani anaenda?"

Wakati wa matanga mratibu wa sasa alikuja, kijana mstaarabu sana, akatuomba madaftari ya Mzee. Majina ya wagonjwa ni siri, hayo hayatoki. Ila kuna kurasa alizochora njia, wapi pa kuvukia Wembere mvua zikinyesha, kitongoji gani uanzie kwa nani. Hizo mdogo wangu anazipiga picha wiki hii tumtumie.