Mizani Huhesabiwa kwa Sikio: Dhana Potofu katika Uchambuzi wa Ushairi

Kila ninaposahihisha majibu ya swali la ushairi hukutana na hukumu ileile: "Mshairi amekosa urari wa mizani," yaani idadi ya silabi katika mishororo yake hailingani. Mara nyingi aliyekosa ni mchambuzi mwenyewe, kwa sababu anaamini kwamba hakuna silabi isiyo na irabu. Chukua mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya darasa:

Mtu hapandi mnazi, kisha akavuna embe,
Nchi hailei wizi, hailei hata chembe.

Mwenye dhana hiyo hupata mizani 6 katika ukwapi (nusu ya kwanza) wa mshororo wa kwanza na 7 katika ukwapi wa mshororo wa pili, kisha humlaumu mtunzi. Ukweli ni kwamba "m" ya "mtu" na ya "mnazi" ni silabi kamili, kwa kuwa ni kiambishi mu- kilichodondosha irabu yake. "N" ya "nchi" nayo ni silabi, tena ndiyo inayobeba mkazo wa neno hilo. Kwa hiyo tunapata M-tu-ha-pa-ndi-m-na-zi, mizani 8, na N-chi-ha-i-le-i-wi-zi, mizani 8. Wengine huishika kanuni hii wakapitiliza, wakakata e-m-be, ilhali "mb" hapo hutamkwa pamoja na irabu inayofuata: e-mbe. Ushauri wangu, ambao wanafunzi huukwepa kwa kuona haya, ni kuughani mshororo kwa sauti huku ukigonga meza kwa kila silabi.

Wapo pia wanaodai kwamba kina, yaani sauti inayofanana miishoni mwa vipande vya mishororo, ni herufi ya mwisho. Sivyo: kina cha kati hapa ni "zi" na cha mwisho ni "mbe". Irabu peke yake ingetosha, karibu kila neno la Kiswahili lingepata mwenzake bila jasho, maana irabu zetu ni 5 tu.

Kuhusu marudio, nimechoka kusoma kwamba kurudia "hailei" ni upungufu wa msamiati. Ukwapi wa mshororo wa pili unaukataa wizi, na utao (nusu ya pili) unarudia kitenzi kilekile ili kuuziba hata ule mwanya mdogo wa "chembe". Anayetaja takriri, yaani marudio hayo, bila kueleza kazi hiyo hajachambua kitu.

"Alonipa" badala ya "aliyenipa" si kosa la sarufi bali ni inkisari, yaani ufupishaji wa neno, inayopunguza mizani 5 kuwa 4. Vivyo hivyo, kituo (mshororo wa mwisho wa ubeti) chenye mizani 8 chini ya mishororo ya mizani 16 si uzembe. Huo ni msuko, nao hutajwa kwa jina lake.